Vazi la Rubani (Sehemu ya Pili): Mistari Ibaki, Koti Lipumzike

Katika sehemu ya kwanza tulieleza namna leseni ya urubani inavyopatikana, na namna Mamlaka ya Usafiri wa Anga inavyoendelea kumpima mwenye leseni afya na uwezo wake. Leo tugeukie kile ambacho abiria hukiona, kwa maana leseni haionyeshwi abiria; anachoonyeshwa ni mavazi. Watu wa Pugu na Kisarawe wamezoea kuziona ndege zikishuka upande wao kuelekea Uwanja wa Julius Nyerere, na wa Kibaha wamezoea kuamka alfajiri kuiwahi safari kabla Barabara ya Morogoro haijafungwa na foleni. Joto na unyevu wa pwani hii wote wanaujua. Hata hivyo vazi rasmi la rubani, hapa kama huko Ulaya, bado ni koti zito la buluu iliyokoza, tai na kofia. Hoja yangu ni kwamba ndani ya vazi hilo mna vitu viwili vilivyoshonwa pamoja: alama ya wajibu, na urithi wa nchi za baridi. Alama tunaihitaji sana. Urithi tunaweza kuupunguza, na abiria asipungukiwe na chochote.

Tuanze na asili yake. Marubani wa mwanzo walivaa makoti ya ngozi, skafu na miwani mikubwa kwa sababu walikaa mahali palipo wazi, upepo wa baridi ukiwapiga usoni. Lile lilikuwa vazi la kazi hasa. Chumba cha marubani kilipofunikwa, haja hiyo ikaisha, na nafasi yake ikachukuliwa na haja nyingine: kuaminiwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 kampuni ya Pan American ya Marekani, iliyokuwa ikirusha ndege zinazotua majini, iliwavika marubani wake mavazi ya maofisa wa meli. Abiria wa wakati ule walizoea kusafiri kwa meli na waliiogopa ndege. Kumwona mtu aliyevaa kama nahodha kuliwatuliza. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Mtindo huo haukukawia kutufikia. Kuanzia mwaka 1937 ndege za majini za Imperial Airways zilizotoka Southampton kwenda Durban zilitua Kisumu, Mombasa, Dar es Salaam na Lindi. East African Airways, iliyoanzishwa mwaka 1946, iliukuta mtindo huo tayari umeshika mizizi, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 Air Tanzania nayo ikazaliwa katika dunia ambamo rubani alikuwa na sura moja tu.

Katika urithi huo, sehemu yenye kazi hadi leo ni mistari ya begani: minne kwa kapteni, na kwa kawaida mitatu kwa rubani msaidizi. Mistari ile inajibu swali moja kwa haraka: hapa anayeamua ni nani? Ndege ikipata hitilafu, mhudumu wa ndani, fundi, askari wa zimamoto na abiria hawana muda wa kuulizana majina. Kwamba watu huitii sare ni jambo lililopimwa. Mwaka 1974 mtafiti Leonard Bickman alichapisha matokeo ya majaribio yaliyofanyika katika mitaa ya Brooklyn, New York, ambako wapita njia waliombwa mambo madogo madogo, kama kuokota mfuko au kumpa mtu wasiyemjua sarafu ya kulipia maegesho. Aliyevaa kama mlinzi alitiiwa zaidi kuliko aliyevaa nguo za kawaida au sare ya muuza maziwa, ingawa ombi lilikuwa lilelile.

Msomaji makini atapinga papo hapo: kama sare ina nguvu kiasi hicho, si ni hatari? Pingamizi hili lina uzito, na ushahidi wake ni mchungu. Tarehe 27 Machi 1977, huko Tenerife, ndege mbili aina ya Boeing 747 ziligongana kwenye njia ya kurukia na watu 583 wakafa. Kapteni wa ndege ya KLM, mmoja wa marubani wakubwa kabisa wa shirika lake, alianza kuruka bila ruhusa. Mhandisi wake wa ndege aliuliza kama ndege ile nyingine ilikuwa imeshatoka njiani. Akajibiwa kwa mkato, naye akanyamaza. Lakini dawa iliyopatikana baadaye haikuwa kuing'oa mistari. Mashirika yalianza kuwafundisha wenye mistari michache kusema, na wenye mistari mingi kusikiliza. United Airlines ilianza mafunzo ya namna hiyo mwaka 1981, na leo ni sharti dunia nzima. Mistari humtaja anayewajibika. Haimtaji asiyekosea.

Sasa koti. Tuitazame kazi yenyewe ilivyo. Kabla ya safari mmoja wa marubani huizunguka ndege kwa miguu, tochi mkononi. Huinama chini ya bawa kuangalia kama mafuta ya haidroliki yanavuja, hukagua matairi kama yamelika, huchungulia kinywa cha injini kuhakikisha kunguru hajaingia humo. Hufanya hivyo juu ya sakafu ya zege inayochemka tangu asubuhi, mara nyingi jirani na ndege nyingine ambayo injini zake zinawaka. Kofia ikipeperuka pale ni kitu cha kumezwa na injini. Kwenye ndege aina ya Q400, zinazotumika sana katika safari zetu za ndani, kila injini huzungusha pangaboi lenye panga sita, na tai inayoning'inia si rafiki wa mahali hapo. Vazi la nje analolihitaji rubani wakati huo ni kizibao cha kuakisi mwanga, reflekta kama wengi wanavyokiita, ili dereva wa gari la mizigo amwone. Koti halimkingi na lolote. Linamtoa jasho tu, kisha anaingia kukaa saa kadhaa akiwa na shati lililolowa.

Wapo watakaosema koti ni heshima ya taifa, na rubani wa mikono mifupi anafanana na karani. Lakini heshima ya abiria haitoki kwenye uzito wa kitambaa. Shati jeupe lililopigwa pasi, mistari iliyonyooka, viatu vilivyong'arishwa na kitambulisho kinachosomeka vinatosha, na marubani wengi duniani hufanya kazi hivyo kila siku. Wengine watauliza kuhusu Mbeya ya Julai au Guangzhou ya Januari. Huko koti au sweta ni haki, na liwemo katika begi la safari; tunachokataa ni kulilazimisha pale hewa isipolitaka. Kuna pia suala la kitambaa, ambalo wanaonunua sare kwa bei ya chini hulisahau: pamba na sufu haziyeyuki zikipata moto, ilhali poliesta huyeyuka na kugandia ngozi. Shati la bei poa linaweza kuwa ghali siku moja.

Jambo hili halimhusu rubani peke yake. Dereva wa basi anayepita Maili Moja, Kibaha, akiwa na makumi ya abiria naye anashika roho za watu, na kanuni zinamtaka avae sare. Inapovaliwa kwa ajili ya trafiki tu, huvuliwa kituo kinachofuata, kwa sababu hakuna aliyemweleza kwamba ipo ili abiria amjue wa kumuuliza. Kwa hiyo pendekezo langu kwa mashirika ya ndege ni fupi: alama ya cheo isiondolewe kamwe, reflekta iwe lazima kila rubani anapokanyaga eneo la ndege, kitambaa kiwe cha pamba au sufu, na koti liwe hiari ya hali ya hewa. Katika sehemu ya tatu tutaangalia sare za marubani wanawake, zikiwemo hijabu na suruali, na ni nani anayestahili kuamua.