Sari ya Kota na Jasho la Mfumi

Mwaka uliopita, ilipokaribia Idi ya Mfunguo Mosi, nyumbani kwetu ililetwa sari nyeupe ya mirabamiraba, zawadi ya mkwe wetu kwa mama watoto. Muuzaji alikuwa amemhakikishia kwamba ni Kota halisi, iliyofumwa kwa mkono huko Bara Hindi, na bei aliyotoza ilikuwa bei ya kitu cha mkono. Siku ya mkesha ikapigwa pasi. Pasi ilipogusa pindo tu, nguo ikanywea, ikayeyuka, ikaganda kwenye chuma mfano wa gundi. Tukamwita jirani yetu, bibi aliyezaliwa Rajasthan. Akakisugua kile kipande baina ya vidole, akasema, "Maalim, hii si Kota. Hii imevalishwa jina la Kota."

Hatuandiki haya kwa kulilia sari moja. Twaandika kwa sababu ghushi ile yamwibia mtu aliye mbali ambaye wengi wetu hatumjui, naye ni ndugu yetu katika dini.

Kota ni mji wa Rajasthan ulio kando ya mto Chambal. Nguo yenyewe hasa hufumwa Kaithoon, mji mdogo ulio jirani nao, na wafumi wake wengi ni Waislamu wa jamaa ya Ansari. Jina hilo nalo lina habari yake. Zamani wafumi Waislamu wa kaskazini ya Bara Hindi wakiitwa Julaha, na wenye kujiona wana nasaba bora walilitamka neno hilo kwa dharau. Mwanzoni mwa karne ya 20 wafumi wakajichagulia jina la Ansari, jina la wale watu wa Madina waliompokea Mtume (s.a.w.), ili wao na kazi yao wapate kuheshimiwa. Walifanya vyema, aibu ni yetu sisi Waislamu kwamba iliwalazimu kufanya hivyo.

Sari ya Kota hutambulikana kwa miraba yake midogo midogo, ambayo wenyewe huiita khat. Nyuzi za pamba hupangwa zikashikana, za hariri zikaachiwa nafasi, na kwa kupishana huko nguo huwa nyepesi, yenye kupitisha upepo, wala haikosi nguvu. Ziko pia za pamba tupu. Mfumi hukaa ukingoni mwa shimo, miguu yake imo ndani ikikanyaga vikanyagio, na mikono yarusha mshindio kulia na kushoto kati ya nyuzi za mtande. Nyuzi hizo ni nyembamba mno, zingekatika upesi. Kwa hivyo hupakwa rojo la mchele na maji ya kitunguu. Yenye maua huweza kuchukua wiki nyingi. Na wafumi wengi wa Kaithoon ni wanawake, ambao hufuma baina ya kupika na kulea.

Mashine hutoa miraba mfano wa hiyo kwa muda mchache sana, tena kwa nyuzi za nailoni. Kuuza nguo ya mashine si haramu, na mwenye kipato kidogo naye yampasa kuvaa. Haramu ni kuiita kwa jina lisilo lake. Serikali ya India ilitunga sheria mwaka 1985 kutenga baadhi ya nguo, sari zikiwamo, zifumwe kwa mkono tu, na mwaka 2005 jina la Kota Doria likasajiliwa kuwa haki ya mahali pale. Ghushi haikukoma. Basi mnunuzi na atazame mwenyewe. Atafute alama iliyofumwa pembeni mwa sari. Aiinue kwenye mwanga: miraba ya mkono haikosi kupotoka kidogo. Akipewa ruhusa, achomoe uzi na auchome: pamba huungua kama karatasi ikaacha jivu laini, hariri hunuka kama nywele zilizoungua, na nailoni huyeyuka ikawa kishanga kigumu.

Idi ile jirani yetu alimwazima mama watoto Kota yake mwenyewe, aliyoirithi kwa mamaye. Nguo hii huonyesha. Kwa hivyo alimvalisha kwanza gagulo nzito ya pamba yenye rangi ile ile, na blauzi ndefu yenye mikono mpaka kwenye kiwiko cha mkono na zaidi, hadi kifundoni. Sari ina urefu wa kama mita tano na nusu. Huzungushwa kiunoni, ikakunjwa marinda mbele, ikachomekwa. Kisha, kwa desturi ya Gujarat, ncha hutoka nyuma, ikapita bega la kulia, ikashuka kifuani, na pembe yake ikachomekwa upande wa kushoto. Sisi twauona mtindo huu bora kuliko ule wa kuitupa ncha nyuma ya bega, kwa kuwa kifua hustirika. Kichwani akajitanda mtandio.

Kitu cha kuazima ni amana, na hapo ndipo tulipojifunza kuitunza. Ilifuliwa peke yake kwa maji baridi na sabuni laini. Haikusuguliwa, haikukamuliwa; ilibonyezwa tu, ikaanikwa kivulini, maana jua kali hufifisha rangi. Ikatiwa kanji nyepesi ya mchele, na kabla haijakauka sawasawa ikapigwa pasi ya moto wa kadiri, juu yake kitambaa. Huhifadhiwa ndani ya shuka kuukuu la pamba pamoja na karafuu chache, na kila baada ya miezi michache hukunjuliwa ikapigwa upepo, kisha ikakunjwa mahali pengine, kwani mkunjo wa siku zote hukata uzi. Isitundikwe kwenye waya: kutu haitoki.

Mfunguo Mosi haujaisha tukairejesha. Jirani yetu akaikunjua mlangoni, akaitazama mwangani tangu pindo hata pindo, akaikunja tena, akacheka. Ile nyingine bado ipo. Mama watoto ameikata vipande, na sasa yafunikia vyakula nzi wasitue.