James Caird: mashua iliyookolewa na fundi

Meli Endurance imelala chini ya Bahari ya Weddell, katika kina cha mita 3,008, ilikoonekana tena Machi 2022. Mashua yake mojawapo, James Caird, yenye urefu wa mita 6.9 tu, ipo London katika Dulwich College, shule aliyosoma Ernest Shackleton. Wageni wengi wanaopenda historia ya bahari huikimbilia HMS Victory, manowari ya Nelson. Mimi nasema anayetaka kuujua ubaharia aanze na mashua hii.

Iliundwa London mwaka 1914 kwa maelekezo ya nahodha Frank Worsley, ikapewa jina la tajiri wa Dundee aliyechangia safari ya Antaktika iliyoongozwa na Shackleton. Barafu iliibana Endurance hadi ikazama Novemba 1915. Watu wake 28 walifika Kisiwa cha Elephant Aprili 1916, mahali pasipopita meli. Kwa pepo za huko, tumaini lao lilikuwa South Georgia, maili 800 za baharini.

Hapo ndipo ulipohitajika mkono wa fundi seremala Harry McNish. Ubavu wa mashua alikwishauinua kwa mbao walipokuwa juu ya barafu. Sasa akaiwekea sitaha ya mbao za makasha na turubai. Turubai lenyewe lilikuwa limeganda, ikabidi liyeyushwe kidogo kidogo juu ya jiko la mafuta ya sili ndipo sindano ipite. Juu ya mkuku, kwa ndani, akafunga mlingoti wa mashua nyingine ili chombo kisikatike kwenye mawimbi. Pamba ya kalafati hakuwa nayo, basi akaziba nyufa kwa utambi wa taa, rangi za mchoraji wa msafara na damu ya sili. Fundi yeyote wa majahazi pale Lamu ataelewa ujasiri wa kazi hiyo.

Farumi ilikuwa mawe ya karibu tani moja, kiasi ambacho Worsley alikiona kimezidi. Watu sita, Shackleton akiwaongoza, wakatweka tanga tarehe 24 Aprili. Barafu iliyoganda juu ya sitaha ilibidi ivunjwe kwa shoka, la sivyo uzito wake ungewapindua. Njia nzima Worsley alipata kulipima jua mara nne tu, akiwa ameshikwa na wenzake asirushwe baharini. Wangekosea kidogo wangekipita kisiwa na kupotelea Atlantiki. Tarehe 10 Mei walifika nchi kavu katika Ghuba ya King Haakon, South Georgia.

Miongoni mwa hao sita, Tom Crean alikuwa wa Jeshi la Wanamaji la Uingereza, Worsley na Timothy McCarthy wa kikosi chake cha akiba. McCarthy alikufa baharini mwaka uliofuata, vitani. Msaada ulipopatikana, wanaume 22 waliobaki Kisiwa cha Elephant waliokolewa wote wakiwa hai tarehe 30 Agosti 1916 na Yelcho, meli ya wanamaji wa Chile chini ya Luis Pardo.

McNish alikuwa amewahi kugomea amri kule kwenye barafu, na Shackleton hakumpendekeza apewe Nishani ya Ncha. Alifariki Wellington, New Zealand, mwaka 1930, bila nishani hiyo. Hiyo ni dhuluma, na Uingereza, inayoitunza mashua yake kwa fahari, inapaswa kuirekebisha.