Mwalimu Nyerere na Matuta ya Usambara

Wewe msomaji unayelima Mlalo, Soni au Bumbuli, wajua tabia ya shamba la mlimani. Ukilima ovyo, mvua moja kubwa huupeleka udongo wote bondeni. Waingereza nao walilijua jambo hilo. Mwaka 1946 walianzisha mpango wa kuhifadhi udongo katika bonde la Mlalo, na baadaye wakaueneza sehemu nyingine za Usambara. Watu waliamriwa kulima matuta, na asiyetii alitozwa faini. Kazi ilikuwa nzito, na sehemu kubwa iliwaangukia akina mama. Tena wengi waliogopa kwamba shamba likishatengenezwa vizuri litachukuliwa na Serikali. Machifu wa Kikilindi ndio waliotakiwa kusimamia amri hiyo, wakachukiwa na raia wao.

Wakati huohuo Julius Nyerere alikuwa mwalimu katika shule ya misioni ya Pugu. Julai 1954 alichaguliwa kuiongoza TANU. Haikuwezekana kufundisha na kuongoza chama kwa pamoja, basi mwezi Machi 1955 akaacha kazi, na mshahara wake akauacha hukohuko. TANU ilipofika milimani haikuwa na haja ya kueleza sana maana ya kutawaliwa. Watu waliishika mikononi kila asubuhi, pamoja na jembe. Kabla ya Uhuru mpango wa matuta ulikwisha kuachwa.

Uhuru ulipatikana tarehe 9 Desemba 1961. Baada ya majuma sita tu, Nyerere alijiuzulu Uwaziri Mkuu akaenda kukijenga chama, na Rashidi Kawawa akashika mahali pake. Desemba 1962 akawa Rais. Utawala wa machifu ukaondolewa, wa Wakilindi pamoja na wa wengine, ingawa yeye mwenyewe alikuwa mtoto wa chifu Burito wa Wazanaki.

Kisha likaja Azimio la Arusha, mwaka 1967. Mabenki yakataifishwa, na baada ya sheria ya elimu ya 1969 shule za misioni zikawa chini ya Serikali. Wachina wakatujengea reli ya kwenda Zambia. Haishangazi kwamba Wakristo wengi waliulizana: je, huu si ukomunisti? Kwa maoni yangu haukuwa. Rais mwenyewe alikuwa Mkatoliki mwenye kupenda Misa, na hakuna raia aliyeambiwa aikane dini yake ili awe mjamaa.

Lakini kosa lilikuwako, nami silifichi. Mwaka 1967 Mwalimu alifundisha kwamba ujamaa ni wa hiari. Novemba 1973 akatangaza kwamba kukaa vijijini ni amri. Katika sehemu nyingi za nchi watu walihamishwa kwa nguvu, na nyumba nyingine zikachomwa ili wasirudi. Kufika 1977 taarifa za Serikali zilihesabu watu zaidi ya milioni 13 vijijini. Mzee aliyepigwa faini ya matuta zamani za Mwingereza angeweza kuuliza tofauti ni nini. Jibu moja ni hili: Mwingereza hakuwahi kutoa kitabu cha kukiri. Nyerere, mwaka huo wa 1977, aliandika mapitio ya miaka kumi ya Azimio, akayataja makosa waziwazi.

Katika nchi za kikomunisti wakuu hawakuwa na desturi ya kung'atuka. Erich Honecker wa Ujerumani ya Mashariki aliondolewa Oktoba 1989, na Nicolae Ceaușescu wa Romania akapigwa risasi Desemba mwaka huohuo. Nyerere aliondoka Novemba 1985, bila kusukumwa, akamwachia Ali Hassan Mwinyi. Uenyekiti wa CCM aliushika hadi 1990, na mwaka huo aliwaambia Watanzania kwamba kujadili vyama vingi si dhambi.

Akarudi Butiama kwenye shamba lake. Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, na mwaka 2005 Kanisa lilianza kuichunguza habari ya utakatifu wake.