Mpira wa Mkojo: Mikono Safi Huokoa Figo



Kijana akianguka kutoka mnazini akaumia uti wa mgongo, kijiji kizima huangalia miguu yake. Je, atatembea tena? Lakini kinachoweza kummaliza si miguu, ni mkojo. Mishipa ya fahamu haipeleki tena habari kwenye kibofu. Mkojo unabaki ndani, na inabidi utolewe kwa mpira. Mpira huo ndio msaada wake, na huo huo ndio njia ya vijidudu kupanda mpaka kwenye figo.

Zamani, hata Ulaya, wengi walioumia hivyo walikufa kwa vidonda vya kulalia na maambukizi ya mkojo. Mwaka 1944 daktari Ludwig Guttmann alianzisha wodi yao huko Stoke Mandeville, Uingereza. Kwa kuwageuza wagonjwa na kutunza vibofu vyao kwa usafi, wengi wakaishi miaka mingi. Haukuwa muujiza, ilikuwa kazi ya kila siku. Hospitali ya taifa ya majeruhi wa uti wa mgongo iko Nairobi, mbali nasi. Mgonjwa akisharudi Faza au Kizingitini, sisi ndio wodi yake.

Mipira ni ya namna mbili. Kuna wa kukaa ndani, na kuna wa kuingizwa kila baada ya saa 4 hadi 6 kisha kutolewa. Huu wa pili, mtu akifundishwa vizuri, kwa kawaida huleta maambukizi machache. Mwaka 1972 daktari Jack Lapides wa Marekani alionyesha kwamba mtu anaweza kujiingizia mwenyewe kwa mikono safi tu. Basi muulizeni muuguzi: huyu wetu anaweza kufundishwa?

Kwa mpira wa kukaa ndani, shikeni haya:

1. Nawa mikono kwa sabuni kabla na baada ya kugusa mpira au mfuko. Maji ya jabia ni machache, ndiyo, lakini kopo lililotobolewa tundu dogo linatosha.

2. Mfuko ukae chini ya kibofu, wala usiguse sakafu. Wakati wa kumpakia mgonjwa mashuani, watu humwekea mfuko tumboni na mkojo hurudi ndani. Mwageni kwanza, halafu mtu mmoja kazi yake iwe kushika mfuko tu.

3. Mwaga mkojo kwa mfereji wa chini wa mfuko kabla haujajaa. Usichomoe mpira kutoka kwenye mfuko ovyo ovyo.

4. Osha mpira unapoingilia kwa maji na sabuni kila siku, na baada ya choo kikubwa. Usitie spiriti.

5. Funga mpira pajani usivutike, na hakikisha haukujikunja.

6. Anywe maji ya kutosha, si ya kisima cha chumvi, isipokuwa daktari amempa kipimo. Mwezi wa Ramadhani, ugonjwa ni udhuru. Familia iongee na mwalimu wa dini na muuguzi mapema.

Mgonjwa huyu huenda asisikie maumivu. Angalieni homa, kutetemeka, damu kwenye mkojo, au miguu kukakamaa kuliko kawaida. Hapo apelekwe zahanati au Hospitali ya King Fahd, Lamu. Mkojo kuwa na harufu au ukungu peke yake si sababu ya kununua vidonge dukani. Vidonge vya kubahatisha huwazoesha vijidudu dawa.

Jambo moja halingoji mashua ya kesho. Aliyeumia juu, shingoni au kifuani, akipata ghafla kichwa kugonga na jasho usoni, huenda mpira umeziba na shinikizo la damu limepanda. Mketisheni wima, legezeni nguo, kunjueni mpira, na atafutiwe muuguzi mara moja.

Kikundi kifanye nini? Mama au mke hawezi kazi hii peke yake usiku na mchana. Chagueni wawili wajifunze kwa muuguzi, wanaume kwa mgonjwa mwanamume, wanawake kwa mwanamke, ili sitara yake ihifadhiwe. Kwenye mchango wa zamu, tengeni kidogo cha sabuni, mifuko na nauli ya mashua. Sabuni ni rahisi kuliko figo.