Kabla ya kuchapa lebo, jiulize biashara yako ilianzia wapi

Ingia duka lolote la mtaani utakutana na pakiti za unga wa lishe. Nyingi zina picha ya mtoto kibonge anayecheka na maneno yaleyale: asilia, bora, kwa afya ya familia yako. Ukifunika jina, ni vigumu kujua huu ni wa nani na ule ni wa nani.

Lakini ukikaa na mwenye unga ukamuuliza alianzaje, mara nyingi utasikia jambo ambalo halimo kwenye pakiti. Huyu mtoto wake alikuwa haongezeki uzito kila akipelekwa kliniki. Yule alimaliza likizo ya uzazi, akakosa unga anaouamini wa kumwachia dada wa kazi. Mwingine alikuwa akimuuguza mama yake mzazi. Wengi huona hayo ni mambo ya nyumbani tu, kumbe ndiyo yanayoweza kuipa bidhaa jina lake.

Nywele zilizodondoka

Mfano maarufu ni wa Madam C.J. Walker. Alizaliwa mwaka 1867 huko Louisiana, Marekani, akiitwa Sarah Breedlove, miaka michache tu baada ya wazazi wake kutoka utumwani. Akiwa na miaka saba alikuwa yatima, na akiwa na miaka 20 alikuwa mjane mwenye binti mdogo wa kulea. Alihamia mji wa St. Louis, akaishi kwa kufulia watu nguo.

Huko nywele zake zikaanza kudondoka. Wanawake wengi weusi wa wakati ule walikuwa na shida hiyo, kwani nyumba nyingi hazikuwa na maji ya bomba, vichwa vilioshwa kwa nadra na magonjwa ya ngozi ya kichwa yalikuwa ya kawaida. Alijaribu dawa mbalimbali, akawa wakala wa bidhaa za mjasiriamali mwingine, Annie Malone, kisha mwaka 1906 akaanza kuuza za kwake kwa jina la mume wake, Charles Joseph Walker.

Mafuta yake hayakuwa na maajabu. Yalikuwa na salfa, ambayo tayari ilitumika kwa magonjwa ya ngozi. Ila alimjua mteja vizuri, kwa sababu mteja wa kwanza alikuwa yeye mwenyewe. Ndiyo maana hakuishia kuuza makopo. Mawakala wake walifundisha pia kuosha kichwa mara kwa mara. Na kwa kuwa aliujua ujira wa kufua, aliwafundisha maelfu ya wanawake kuuza ili wapate kipato chao. Alipowakusanya Philadelphia mwaka 1917, zawadi hazikwenda kwa waliouza sana peke yao, bali pia kwa waliochangia zaidi misaada.

Chukua daftari

Mjasiriamali mwenye meza sokoni hahitaji kumlipa mshauri ili aipate sababu yake. Aandike majibu ya maswali matatu: Nani alikuwa akihangaika nilipoanza? Nilikosa nini dukani? Ni kitu gani siwezi kumuuzia mtu hata akikitaka?

Kisha amsomee mtu wa nyumbani aliyekuwepo siku hizo. Mume, mama au dada atamwambia wapi amepamba. Na kama jibu ni kwamba alitafuta ada ya watoto, si aibu. Ajiulize tu kwa nini alichagua unga na si mitumba.

Sababu ina gharama

Sababu ya kweli haijulikani kwa maneno matamu. Inajulikana siku inapomgharimu mwenye biashara. Bei ya karanga imepanda, dalali analeta za bei rahisi, zimekunjamana na kubadilika rangi. Zikishasagwa hakuna atakayeziona. Lakini mahindi na karanga zilizoota ukungu zinaweza kuwa na sumukuvu, na sumu hiyo haiishi kwa kupika. Mwaka 2016 watu walipoteza maisha Dodoma na Manyara kwa sumu hiyo baada ya kula mahindi.

Aliyeanza kwa ajili ya mwanawe ana kipimo chake: ningempa yeye? Kama hapana, hanunui, hata kama wiki hiyo atafunga meza. Vivyo hivyo kwenye mchanganyiko. Orodha ndefu ya nafaka huvutia wateja, ilhali wataalamu wa lishe wamekuwa wakishauri kutochanganya nafaka nyingi katika unga wa mtoto.

Hata hivyo, simulizi nzuri haichukui nafasi ya vipimo. Mtoto wako kunenepa si ushahidi kwamba unga unatibu utapiamlo, na asiyeongezeka uzito anatakiwa kliniki kwanza. Bidhaa ya chakula inahitaji kuthibitishwa na TBS, na jina la biashara lisajiliwe BRELA. Fikiria pia kabla ya kuweka picha ya mwanao na habari za ugonjwa wake kwenye pakiti. Atakua, ataanza shule, na pakiti hiyo itakuwa bado dukani.

Baada ya hapo lebo haihitaji maneno mengi. Inaweza kusema: "Nilianza kuusaga kwa ajili ya mwanangu. Nafaka moja, na karanga tunazozichambua kwa mkono. Si wa mtoto wa chini ya miezi sita, huyo anyonyeshwe." Sentensi ya mwisho itamkosesha wateja kadhaa. Mama atakayeisoma, mwanawe akitimiza miezi sita, anajua pa kurudi.