Kupunguza Ukubwa wa Picha Kwenye Kompyuta ya Nyumbani
Picha ya Nairobi iliyopigwa kutoka paa la jengo la KICC kwa ukubwa wa 4000 kwa 3000 hubeba pikseli, yaani vinukta vya rangi vinavyoiunda, milioni 12, ilhali chapa safi ya inchi 6 kwa 4 huhitaji 1800 kwa 1200 tu. Mkazi wa mtaa wa Kangemi au Lavington anayetaka kuituma kwa baruapepe bila kumaliza bando huifungua katika programu ya Paint na kupunguza vipimo vyake hadi asilimia 50. Kwa kuwa urefu na upana hupungua pamoja, hubaki robo ya pikseli, milioni 3. Nakala hiyo ihifadhiwe kwa jina jipya, kwani pikseli zilizoondolewa hazirudi, na kuikuza tena huleta ukungu.