FAILI LA PICHA LIKIGOMA KUFUNGUKA, USIMRUDISHE MTEJA

Wadau wa steshenari na uchapaji, hii inatuhusu. Mteja anakuja na picha kwenye flashi, anataka pasipoti saizi au fulana. Unabofya, kompyuta inagoma. Unamwambia faili lake bovu, anavuka barabara kwa jirani, na hela imekwenda naye.

Mara nyingi faili halina ubovu wowote. Ni aina ambayo programu yako haiijui, basi. Angalia herufi za mwisho za jina lake:

👉 HEIC: picha za iPhone. Apple walianza nazo mwaka 2017 kwa sababu hazili nafasi kubwa.
👉 WebP: aina iliyoletwa na Google mwaka 2010. Picha nyingi zinazopakuliwa kwenye tovuti zinakuja hivi.
👉 PSD: kazi ya Photoshop.
👉 CDR: kazi ya CorelDRAW, mafundi wa mabango wanaipenda sana.

DAWA YAKE
Pakua GIMP. Ni ya bure hata kwa biashara, na ukishaiweka haili bando. HEIC, WebP na PSD inafungua. Fungua picha, bofya File, kisha Export As, andika jina liishie na .jpg. Kama ni nembo isiyo na rangi nyuma yake, weka .png, maana JPG itaijazia rangi pale palipokuwa wazi.

CDR jaribu kwa Inkscape, nayo ya bure. Ila mpangilio unaweza kuvurugika, hivyo ni bora mteja amwombe fundi wake PDF.

Mwenye iPhone muelekeze hivi: Settings, Camera, Formats, achague Most Compatible. Picha atakazopiga kuanzia hapo zitatoka JPG.

ZINGATIA HAYA
1. Kubadili jina siyo kubadili faili. Kufuta .heic ukaandika .jpg ni sawa na kubandika lebo ya sukari kwenye kopo la chumvi.

2. Picha ndogo haikui kwa kubadilishwa. A4 ya kuchapa vizuri inataka pikseli kama 2480 kwa 3508. Mteja akileta ya pikseli 400, mwambie mapema, siyo wino ukishaisha.

3. Tovuti za kubadilisha mafaili ni rahisi, lakini unapeleka faili kwenye kompyuta ya mtu usiyemjua. Picha ya maua sawa. Kitambulisho cha NIDA, cheti cha kuzaliwa au picha ya mtoto wa mtu, hapana. Mteja amekuamini wewe, siyo hiyo tovuti. Fanyia kwenye mashine yako.

4. Faili la mwanzo usiliguse mpaka mteja aridhike. Akishachukua kazi yake, futa.

Na usifanye bure jamani. Kubadili faili ni kazi kama kazi nyingine. Iandike kwenye ubao wa bei pale dukani, mteja aione kabla hajauliza.